Siku Mtaa wa Mkunguni Ulipopigwa Rangi Nyekundu

Vijana wangu mnaoanza kazi ya upimaji, nimeombwa nikwambieni mawili matatu ya kazi yetu, na nakuoneni wengine mshatoa kalamu, mnangoja hesabu za pembe. Hesabu mtazipata kwa walimu wenu. Mie Pandu nitakuelezeni vipi nilinyolewa nusu kichwa.

Lakini kwanza mnyororo. Siku zetu hizo, miaka ya hamsini, tulikuwa tukipima kwa mnyororo wa chuma, wanaume wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Ukiuacha juani unarefuka. Ukiuvuta kwa hasira unarefuka zaidi. Mimi nilikuwa mtu wa nyuma. Wa mbele alikuwa Mzee Kombo, Mtumbatu, mtu mfupi mwenye sauti nene, ambaye kabla ya kahawa ya pili hakuwa akijibu hata salamu ya mkewe. Mzungu wetu wa afisini, mpimaji mkuu, watu walimwita Bwana Mistari, kwa sababu alipenda mstari ulionyooka kama wengine wanavyopenda halua. Akiona uchochoro uliopinda alikuwa akiutazama kwa huzuni, kama daktari anayemtazama mgonjwa.

Nilitoka Jambiani kuja mjini nikiwa na miaka ishirini na kidogo, na siku yangu ya mwanzo kazini nusura nimuue mzee wa watu kwa neno moja. Tulikuwa tunaingia mtaa wa Mkunguni, nyuma kidogo ya Mlandege, nyumba za udongo na makuti zimebanana, na mzee mmoja, Mzee Mcha, amekaa barazani kwake anasokota kamba. Mimi, kwa haraka ya ugeni, nikautandaza mnyororo mbele ya miguu yake bila ya kumwamkia.

"We kijana, wafanya nini?"

"Nakupima, mzee."

Nilikusudia kusema napima njia iliyo mbele yake. Yule mzee akaitupa kamba, akageukia mlangoni. "Mwanamkasi! Itoe ile sanda yangu sandukuni! Watu wameshakuja kunipima, tusije tukakatiwa fupi!"

Mkewe akatoka analia. Majirani wakatoka. Kwa dakika tano Mkunguni nzima ilikuwa ikimuuliza Mzee Mcha anaumwa na nini, naye akijibu kwa unyonge kwamba hajui, ila serikali ndiyo inayojua.

Mzee Kombo aliuweka chini mncha wake wa mnyororo, ile ncha ya mbele, akaja, akatoa shikamoo, akakaa barazani. Ikaja kahawa. Wakazungumza bei ya samaki, mvua, na mtoto wa nani kaoa wapi. Mimi nimesimama juani kama kigingi. Baada ya nusu saa akasema, "Mzee wangu, kijana huyu hana mwenza wa kumshikia mnyororo nyuma huku. Hebu tushikie kidogo." Mzee Mcha akainuka, akaushika, na tukapima ule upande wote wa mtaa bila ya mtu kutugombeza.

Njiani kurudi Mzee Kombo aliniambia hivi: "Mtu aliyeushika mnyororo hawezi tena kuutukana. Kabla hujatandaza chuma, tandaza salamu." Andikeni hiyo, ikiwa kalamu zenu zinakuwasheni.

Jambo la pili ni vigingi. Kigingi ni kijiti tu kilichochongwa ncha, lakini kwetu sisi kilikuwa amana. Tukivipigilia ardhini jioni, asubuhi hatuvikuti. Siku moja Bwana Mistari alinituma nivitafute. Kimoja nilikikuta kimefungiwa mbuzi. Kimoja kimetegemeza dirisha. Cha tatu bibi mmoja alikuwa akisongea ugali, na nilipomwambia ni mali ya serikali akanijibu, "Basi serikali ikaribie, ugali u tayari." Nikakaribia. Ripoti yangu ya siku ile iliandika kwamba kigingi hakikuonekana.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe.

Afisini ilikuja amri ya kukata barabara mpya. Wazo lenyewe halikuwa baya, na nataka mlielewe hivyo. Gari za shamba, zile za mabodi ya mbao, zilikuwa zikileta watu na ndizi na kuku kutoka kusini, lakini haziwezi kupenya vichochoro vya Ng'ambo, upande wetu huo wa nyumba za makuti; zikizunguka mbali, na mkulima anashushwa pembeni, anajitwika mkungu wake mpaka sokoni Darajani. Barabara ingewapunguzia watu wa shamba mwendo. Ila mstari wa Bwana Mistari ulipita katikati ya Mkunguni, na nyumba kumi na moja zilikuwa njiani. Wenyewe walipangiwa viwanja mbali huko, kwenye minazi, kusikokuwa na mfereji wa maji wala gari. Barabara ya kuwaleta watu mjini ilikuwa inaanza kwa kuwatoa watu mjini. Mimi nililiona hilo? Hasha. Mimi niliona nimepewa kopo la rangi nyekundu na brashi mpya, nikajiona mtu mkubwa.

Kazi ilikuwa ni kuchora duara jekundu, kiasi cha sahani ya wali, kwenye kila nyumba itakayobomolewa. Mzee Kombo siku hiyo alisema anaumwa na mgongo. Mgongo wake ulikuwa na tabia ya kuumwa siku za kazi za aibu. Nikaenda peke yangu. Nilichora maduara kumi na moja, mazuri kabisa, na kwenye nyumba ya nane rangi ilichuruzika nikarudia kuifuta ili isiharibu umbo.

Nyumba ile ya nane ilikuwa ya Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti inayofika kabla yake. Alikuwa akichoma vitumbua asubuhi na kuvipeleka Darajani, na mimi nilikuwa mteja wake tangu nilipofika mjini. Siku nisiyokuwa na kitu alinipa hivyo hivyo, akisema watu wa Jambiani wana tumbo refu. Wakati nachora yeye alikuwa sokoni. Sikujua kwamba ile ni nyumba yake. Nilimjua jikoni, kwa upande wa nyuma, na mimi nilichora mbele. Huo si udhuru. Nakwambieni ili mjue mpimaji anaweza kula kwa mtu mwaka mzima asijue mlango wake.

Kesho yake nikaenda uani kama kawaida.

"Bi Mize, shikamoo."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Vitumbua vyangu."

Akanitazama. Kitumbua kilikuwa kinachomeka mbele yake, kinanuka iliki. "We Pandu, jana umekula kwangu, ukenda mlangoni kwangu ukatia duara. Leo umekuja kuona kama moto wenyewe nao uutie duara?"

Nikataka kueleza. Akakigeuza kile kitumbua polepole, akakipa paka.

Nilidhani ni hasira za siku moja. Kumbe mtaa mzima ushakula kiapo. Muuza kahawa alinimiminia kikombe, akakinywa mwenyewe. Nilipoomba maji nikaambiwa mtungi umetoboka, na mimi nausikia unavyomiminwa. Tena hawakunitukana hata mara moja. Waliniamkia vizuri, wakaniuliza hali ya mama, kisha hawakuniuzia kitu. Jaribuni siku moja mjue adabu inavyouma.

Ijumaa nikaenda kwa kinyozi. Kinyozi wa Mkunguni alikuwa na kibanda cha makuti, kigoda kimoja na kioo kilichopasuka, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa kinyozi yeyote wa mji mkongwe. Yeye alikuwa ametoka shamba alfajiri ile, hana habari. Akanikalisha, akaanza kuninyoa kipara. Upande wa kulia ukaisha. Hapo akapita mwanamke na ndoo, akachungulia, akamwambia, "Kwani hujui unamnyoa nani? Huyu ndiye mwenye kopo."

Wembe ukasimama.

"Ni wewe?"

"Ni mie, lakini nilitumwa."

Akaupangusa wembe, akaukunja, akauweka mfukoni. "Basi. Nusu ya mtaa imetiwa rangi, nusu ya kichwa imenyolewa. Tumelingana."

"Maalim, leo Ijumaa!"

"Vaa kofia."

Nikaivuta kofia mpaka masikioni. Msikitini nilisujudu kwa hadhari kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

Asubuhi ya Jumamosi ndipo lilipozuka lile jambo lililoupa mtaa sifa. Nilipoingia Mkunguni niliona duara kwenye nyumba ya kwanza, sawa. Nikaona la pili, sawa. Kisha nikaona kwenye nyumba ambayo sikuichora. Na ya pili yake. Na msikitini hapana, wanawake wa Mkunguni wana haya, lakini kwenye kibanda cha kinyozi, kwenye mti wa mkungu, kwenye punda wa muuza maji ubavuni, kila pahala duara jekundu kiasi cha sahani ya wali! Walikuwa wametumia rangi ile ya kupikia ukindu wa mikeka; sufuria lilikuwa bado limeinamishwa penye ua wa Bi Mize. Na hawakuishia Mkunguni. Mpishi wa Bwana Mistari alikuwa mtu wa mtaa huo. Asubuhi ile Bwana alipotoka kwake kuja kazini alikuta duara kwenye geti, na jengine kwenye mlango wa gari.

Nikaitwa.

Bwana Mistari alikuwa na Kiswahili cha kitabuni, kila neno limevaa tai. "Pandu, ulichora nyumba ngapi?"

"Kumi na moja, Bwana."

"Mimi nimehesabu hadi nimechoka. Je, gari langu pia litapitiwa na barabara?"

"Sikulichora mimi, Bwana."

"Kopo ni lako. Brashi ni yako. Basi leo utakwenda kufuta yote yasiyo ya kweli, au usirudi hapa."

Nikainama kwa heshima, na ile kofia, iliyokwisha kulegea kwa kuvutwavutwa, ikaanguka mezani kwake.

Upande mmoja wa kichwa ulikuwa unang'ara kama yai, upande wa pili nywele tele. Bwana Mistari akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Pandu," alisema kwa sauti ya chini, "hii ni desturi ya Jambiani?"

Sijui ni aibu au ni njaa ya siku tatu bila ya vitumbua, lakini nilianza kucheka, halafu nikajikuta nimemwambia yote: kinyozi, kahawa, paka aliyepewa kitumbua changu, na Bi Mize atakayeamka saa ngapi kutoka huko minazini ili awahi soko kwa miguu. Mzee Kombo, ambaye mgongo wake ulikuwa umepona ghafla, alisimama mlangoni akasema, "Bwana, pale ulipopapigia mstari, umepata kufika kwa miguu?"

Bwana alikuwa amefika kwa ramani. Akaitandaza ramani mezani, na mimi kwa mara ya mwanzo nikaitazama kama mtu, si kama mshika mnyororo. Upande wa mji wa mawe kila nyumba ilichorwa, mpaka baraza na ngazi. Upande wa Mkunguni palikuwa peupe. Nyumba za makuti hazikuhesabiwa kuwa nyumba. Mstari ulipita pale kwa wepesi, kama mtu anayepita uwanja mtupu. Na uwanja mtupu wa kweli, ulioota majani, ulikuwa pembeni yake tu. Huo umezungushiwa wino mzito na kuandikwa jina la mwenyewe, tajiri mmoja ambaye nitamwita Bwana Sefu, kwa kuwa jina lake la kweli nimelisahau kwa makusudi.

"Twende," akasema Bwana Mistari.

Tulipofika, mtaa wote ulikuwa nje. Mzee Kombo akatoa salamu moja moja, mlango kwa mlango, mpaka Bwana naye akaanza kuiga, "Hamjambo, hamjambo," na watoto wakimjibu kwa kuimba. Bi Mize akajitokeza, kanga imefungwa kiunoni.

"Bwana, wewe wataka kupima?"

"Ndiyo, mama."

"Basi pima na sisi." Akaushika mncha wa mnyororo kabla sijampa. Bwana akashika mwingine. Na Bi Mize alikuwa akivuta kama anayetoa ndoo kisimani, mpaka Bwana akawa anakwenda mbio asizozitaka. "Shika vizuri, Bwana, ama hujala leo?"

Wakaufuata ule mstari. Kila baada ya hatua chache Bi Mize alisimama. Hapa ndipo linapopita jeneza kwenda msikitini. Hapa kisima, wanachota nyumba zote hizi. Hapa mkunga; ukimhamishia minazini huyu, wanawake wa hapa watazalia njiani. Bwana akiandika. Wakafika kwenye bonde dogo lenye majani mabichi.

"Hapo usipite," akasema Bi Mize. "Zunguka."

"Mstari unapita hapa, mama."

"Mstari upite. Wewe zunguka."

Lakini Bwana Mistari na mstari wake walikuwa kitu kimoja. Akakanyaga. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza, na bonde lile lilikuwa maji matupu chini ya majani. Mguu ukazama mpaka gotini. Alipouvuta, ukatoka na soksi tu.

Hakucheka mtu. Nakwambieni, mtaa mzima umejiziba midomo kwa kanga na kofia, mabega yanatetemeka, na Bi Mize kwa upole akamuuliza, "Hiyo barabara, Bwana, ni ya gari ama ya ngalawa?"

Hapo ndipo Bwana Mistari alipoanza kucheka, na Mkunguni nzima ikapasuka. Kiatu kilitolewa na Mzee Mcha kwa kutumia kigingi, na nilikitambua kile kigingi, kilikuwa changu.

Tukapima upya mchana ule, wanawake wakituonesha wapi panapokauka mwanzo baada ya mvua. Ardhi ya juu, ngumu, ilikuwa moja tu: kile kiwanja cha Bwana Sefu. Bwana Sefu alikuja kwenye mkutano wa mtaa wiki ya pili yake, kanzu nyeupe, bakora ya fedha. Akasema kiwanja kile hakiguswi kwa sababu anataka kujenga.

"Wataka kujenga," akasema Bi Mize, "tangu mie sijatoga masikio."

Bwana Sefu akasema hawezi kujibizana na muuza vitumbua. Bwana Mistari akasema, kwa kile Kiswahili chake, "Ni kweli, Bwana. Basi jibizana na mimi. Mimi nimezamisha kiatu kimoja." Watu walicheka mpaka Bwana Sefu akakaa. Alilipwa haki yake ya kiwanja, wala hakufa.

Basi barabara ikapinda. Nyumba tisa zikasalimika. Kibanda cha kinyozi kilitolewa, naye akakihamishia pale gari za shamba zinaposimama, akawa ananyoa abiria mpaka akanunua kioo kizima. Nyumba mbili ziliondoka kwelikweli, na mmoja katika wenye nyumba hizo alikuwa Mzee Mcha. Tulimjengea nyengine kwa msaragambo, kila mtu akitoa mkono wake bure, pale pale mtaani, kwenye pembe iliyobaki ya kile kiwanja. Mimi nilibeba udongo. Yeye alisimama ananipima kwa macho, akasema ukuta umekwenda upande. Ulikuwa umekwenda upande.

Wala msidhani kila mtaa ulipata Bi Mize. Ipo mitaa niliyoipiga rangi baadaye ambayo haikuwa na ukindu wa kupika wala mpishi kwa mkubwa, na watu wake walihama na vitanda vyao vichwani. Baadhi ya milango yao naikumbuka mpaka leo. Nilipoweza kusema nilisema. Mara nyengine niliogopa, nikachora.

Kuhusu kichwa changu, kinyozi aliimalizia nusu iliyobaki siku barabara ilipothibitishwa. Akanitoza bei ya kichwa kizima.

Siku chache baadaye Bi Mize alikuja afisini na buibui lake, ameshika sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa. Hakuwahi mwanamke wa Mkunguni kuingia mle. Makarani wakasimama, hawajui wafanye nini. Akasema anataka kuiona hiyo ramani.

Bwana Mistari akamtandazia. Nilikuwa nimekwisha kuichora Mkunguni humo nyumba kwa nyumba, wiki nzima, kwa kalamu nyembamba. Akainama, akauliza, "Mie niko wapi hapa?" Nikamwonesha. Akakiweka kidole juu yake. "Mbona Bwana Sefu kaandikwa jina, mie sikuandikwa?"

Bwana Mistari akachovya kalamu wino akampa. Bi Mize hakwenda skuli ya serikali, lakini chuo cha Kurani alikhitimu, na alikuwa na mwandiko mzuri wa herufi za Kiarabu. Akaandika polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, jina lake na la babake, ndani ya kile kichumba kisichozidi ukucha.

Bwana Mistari akatazama. "Mama, ramani hii yote imeandikwa kutoka kushoto. Jina lako limekwenda kinyume."

"Langu limekwenda sawa, Bwana," akasema Bi Mize, akijifunga buibui. "Iliyobaki hiyo ndiyo muirekebishe."

Akaiacha sahani mezani, akatoka. Bwana Mistari akainama juu ya ramani, akaupuliza ule wino taratibu ili usivuje.